Chumba cha Jumatano

Mpwa wangu Janelle huanza kupanga likizo ya Machi ikifika Oktoba, majani yakiwa bado yanadondoka. Mwaka huo alianza Jumapili baada ya kanisa, sahani za mchana zikiwa hazijatolewa. Alifuta meza upande wake tu, akaweka kompyuta, akavaa miwani, akasema, "Haya. Mwaka huu tunaziunganisha."

Mumewe Lyle alikuwa na uma mdomoni na hakuutoa. Alikuwa amelala.

Lyle anapanga majokofu kwenye ghala moja nje ya mji wetu hapa Ohio, zamu ya usiku, na mchana hulala kadiri watoto, mbwa wa jirani na mashine za kukatia majani zitakavyomruhusu. Nimemwona amelala kanisani akiwa wima, wimbo unaimbwa na midomo yake inaufuata. Septemba ile alilala kwenye taa za barabarani. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, mpaka polisi akaja kumgongea kioo. Polisi hakumwandikia kosa. Alimwambia tu, "Bwana, chukua likizo." Lyle akamjibu, "Ninayo. Machi."

Ghala lile humpa wiki moja kwa mwaka. Mimi nimezunguka nchi hii mpaka imenichoka. Nimechuma matufaha, nimefunga kamba za matishari mtoni, nimeendesha farasi wa mbao kwenye maonyesho yanayohama mji hadi mji, na kila mahali kazi iliponichosha niliiacha, nikaondoka na begi langu. Sisemi hiyo ni akili. Matokeo yake ni kwamba sasa naishi kwenye nyumba ya magurudumu uani kwa mtoto wa dada yangu. Lakini sikuwahi kusubiri Machi.

"Tunaunganisha nini, Mama?" aliuliza Maren, binti yao wa miaka kumi na mitano, bila kuinua macho kwenye simu.

"Barnaby na Ngome ya Radi. Safari moja, bustani mbili. Ziko maili saba tu, hii na hii."

Hapo Lyle akaamka.

Mtaani kwetu kuna familia za Barnaby na kuna familia za Ngome, kama vile kuna Wamethodisti na Wakatoliki, na watu huoana kwa tahadhari. Zote mbili ni bustani za michezo, na ziko Florida. Barnaby ni kindi mwenye kofia ya majani, na bustani yake ni ya watoto wadogo na akina mama wanaolia wakiona fataki. Ngome ni ya treni za chuma zinazokupindua kichwa chini na kukurudisha bila pochi. Tucker, kitinda mimba wa miaka sita, ni mtu wa Barnaby damu damu. Maren alishatangaza kwamba akipigwa picha nyingine na kindi atahamia kwa bibi yake. Kwa miaka miwili walikuwa wamegombana, mwaka huu huku, mwaka huu kule, na aliyekosa alinuna kuanzia Kentucky hadi baharini. Sasa Janelle alikuwa amepata dawa. Wote wangepata.

"Mimi naomba kitu kimoja," alisema Lyle, akitoa uma. "Siku moja tupu. Sitaki kindi, sitaki treni. Nilale mpaka niamke mwenyewe."

"Kulala si unaweza kulala nyumbani."

"Nyumbani siwezi."

"Basi na kule hutaweza, mume wangu, usijisumbue."

Tucker akacheka kwa sababu mama yake alicheka. Lyle naye akacheka kidogo, kama mtu anayelipa deni dogo ili asidaiwe kubwa.

Mpango ukaanza kukua. Kila mtu alikuwa na rangi yake. Tucker kijani, Maren zambarau, Lyle kijivu, mimi nikapewa kahawia, nadhani kwa sababu ya koti langu. Kila mchezo ulikuwa na saa yake, na kila saa ilikuwa na saa ya akiba, na kukojoa kulikuwa kumetengewa nafasi. Wapo watu nchi hii wanaofanya hivi kwa ujira, lakini Janelle alisema hao ni wavivu. Alikuwa na kundi la akina mama kwenye simu, hawajaonana maishani, wanapeana habari kuhusu foleni za Florida kama watu wa zamani walivyopeana habari za mahali penye maji. Mmoja aliwahi kumwambia kwamba ukifika kwa Barnaby ukageuka kushoto badala ya kulia unaokoa robo saa. Janelle alitokwa na machozi. Nilikuwepo.

Ilikuwa Desemba, tunakula tambi na nyama ya pilipili, alipotueleza jambo la Jumatano. Jumatatu hadi Jumatano tungekuwa kwa Barnaby, Alhamisi na Ijumaa Ngome. Sasa, Jumatano jioni Barnaby hurusha fataki za pekee kwa wageni wanaolala kwenye hoteli yake jioni hiyo hiyo, kwa hiyo lazima tulale kwake. Lakini Alhamisi asubuhi Ngome hufungua lango mapema kwa wageni waliolala kwenye hoteli yake Jumatano, kwa hiyo lazima tulale kwake pia.

"Tutalala kote kote?" niliuliza.

"Tutalala kwa Barnaby. Kwa Ngome tutakuwa na chumba tu."

"Na humo chumbani atalala nani?"

"Hakuna."

"Kitanda kimo?"

"Viwili, Mjomba. Vikubwa."

"Na tunalipa?"

"Hatulipii kitanda," Janelle aliniambia polepole, kama anavyomwambia Tucker habari za meno. "Tunalipia lango la asubuhi. Kila mtu anafanya hivyo."

Na ni kweli. Niliuliza baadaye kanisani nikakuta nusu ya waumini wamewahi kulipia vitanda ambavyo hawakuviona. Nimelala chini ya madaraja katika majimbo sita, na humu humu nchini kuna hoteli zimejaa vyumba vitupu vilivyolipiwa na watu waliosimama foleni mahali pengine.

Nilimtazama Lyle. Alikuwa ameweka kijiko chini, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeonyeshwa nchi ya ahadi kupitia tundu la ufunguo.

"Jambo moja tu," Janelle aliendelea. "Jumatano mchana lazima mtu aende pale akaandikishe na kuchukua kadi, la sivyo chumba wanampa mwingine. Anakwenda, anachukua, anarudi."

"Nitakwenda mimi," alisema Lyle.

"Nitakwenda mimi," alisema Maren.

"Mguu wangu huu mbovu," nilisema mimi, "ungefurahi kukaa garini kidogo."

Janelle alitutazama mmoja mmoja juu ya miwani. "Maren hana leseni. Mjomba, wewe ukipewa gari tutakupata Mexico. Na wewe Lyle huwezi, Jumatano mchana una treni ya mto na Tucker. Tucker hajafika kimo. Bila mtu mzima pembeni hawamruhusu."

"Wewe si mtu mzima?"

"Mimi natapika kwenye treni ya mto. Unajua natapika. Wewe ndiye mtu mzima wa treni."

Basi majira yote ya baridi Lyle alikipigania kile chumba. Sijawahi kuona mwanamume akimbembeleza mkewe kwa jambo kubwa kuliko lile, na nimeona wanaume wakibembeleza wasiachwe. Alipanda juu ya paa akasafisha mifereji yenye barafu. Alimpeleka mama mkwe kung'oa jino, akakaa naye akimsikiliza mpaka ganzi ilipoisha, na ganzi ya mama mkwe huisha mdomoni kwanza. Janelle alimshukuru kwa yote, akampa keki, na Jumatano ikabaki vile vile. Na macho ya Lyle yalikuwa yanazidi kuzama. Februari alimimina kahawa kwenye kikombe ambacho hakikuwepo.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya safari, Janelle anazipiga pasi fulana zetu, za njano kwa ajili ya Barnaby na nyeusi kwa ajili ya Ngome, zote zimeandikwa KIKOSI CHA STUCKEY, jina la ukoo wao, mgongoni. Lyle alisimama mlangoni kwa dakika kadhaa. Halafu akasema, "Nitavaa masikio."

Pasi ikasimama.

Kwa Barnaby kila mtu huvaa masikio ya kindi, yenye manyoya, yamebanwa kichwani. Watoto, bibi, mahakimu, wachungaji. Lyle alikuwa amekataa tangu Maren akiwa mchanga. Kwenye picha zote za familia yuko pembeni, kichwa kitupu, kama polisi aliyeletwa kulinda.

"Siku zote tatu?" Janelle aliuliza.

"Siku zote tatu."

"Na kwenye picha?"

"Na kwenye picha. Na mkia ukitaka."

"Mkia ni wa watoto," Janelle alisema. Aliikunja fulana, akaikunjua, akaikunja tena. "Haya. Utakwenda wewe kuchukua kadi. Mjomba atakaa na watoto. Lakini ni kwenda na kurudi, Lyle."

"Kwenda na kurudi," alisema Lyle, na hata mimi ambaye si mume wa mtu niliona kwamba mdomo unasema hivi na macho yameshavua viatu.

Tuliondoka Jumamosi. Lyle aliendesha. Kentucky, Tennessee, Georgia, moja kwa moja, kwa sababu kulala njiani hakukuwa kwenye mpango. Janelle alikaa pembeni yake akimlisha karoti na kumfinya sikio kila alipopepesa macho sana.

Siku zile mbili za kwanza sitazisimulia kwa urefu, maana hata wakati ule zilikuwa ndefu kupita kiasi. Tulisimama. Tulisimama juani, tukasimama kivulini, tukasimama kwenye foleni ya kupata tiketi ya kupunguza foleni. Mwanamume mmoja mbele yetu, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa analia taratibu huku mkewe akimpaka mafuta ya jua. Maren alitembea hatua kumi nyuma yetu ili dunia isijue. Tucker alikuwa na furaha hadi saa nne asubuhi, kisha akawa kama watoto wote wa pale, mtu anayepigwa na raha kupita uwezo wake. Na Lyle, mwenye masikio ya kindi, alilala. Alilala kwenye treni inayopita ndani ya mti, alilala kwenye mtumbwi wa asali, alilala akiwa amesimama, mikono kwenye chuma. Wageni walipiga picha naye wakidhani ni wa bustani.

Jumatano asubuhi Janelle alitukusanya. "Nakwenda kupanga foleni ya saini ya Barnaby, kwa ajili ya Tucker. Ni ndefu, hakuna sababu wote tuteseke. Msinisubiri."

"Tukupe mtu wa kupokezana?" niliuliza.

"Hapana, Mjomba. Furahieni." Akaondoka haraka, na mkoba mkubwa kuliko unaohitajika kwa saini.

Ilipofika mchana Lyle alichukua funguo za gari. Alimbusu Tucker, akambusu Maren aliyekwepa, nusura anibusu na mimi. "Kwenda na kurudi," alisema, akaenda karibu akikimbia, masikio yanaruka.

Yaliyotokea baada ya hapo nimeyapata kwao wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hayapingani ila juu ya nani alianza kupaza sauti.

Zile maili saba zilimla Lyle muda kama nusu ya Tennessee, kwa sababu kila mtu Florida alikuwa anatoka kwenye furaha moja kwenda nyingine. Alifika mapokezi akiwa na tabasamu lake tayari. Binti wa mapokezi akamtazama masikio, akamtazama fulana, akasema, "Karibu, Bwana Stuckey! Mama alishafika tangu asubuhi. Kadi zenu hizi hapa. Alisema ukija nikuambie huna haja ya kupanda juu."

Lyle alizishika zile kadi. "Mama yupi?"

"Bi Stuckey. Mkeo."

"Yuko juu?"

Binti akaona kwamba ameingia kwenye jambo la watu. "Alisema huna haja ya kupanda," alirudia kwa sauti ndogo.

Lyle alipanda. Mlango ulikuwa na alama ya MSINISUMBUE. Aligonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Janelle, unatarajia mwingine?"

Mlango ukafunguka upana wa mnyororo. Mpwa wangu alikuwa amevaa gauni la kulalia, nywele zimesimama upande mmoja, na nyuma yake pazia zimefungwa na kiyoyozi kinavuma kama Januari ya kwetu.

"Kadi ziko chini," alisema.

"Nimezipata. Barnaby ameshasaini?"

"Bado."

"Hebu niambie, wewe kwenye mpango uko wapi saa hizi?"

"Kwenye foleni ya saini."

"Na mimi?"

"Njiani, unarudi."

"Basi hatupo wote wawili. Nipishe nilale."

"Unakoroma."

"Vitanda viwili, Janelle!"

"Hata vingekuwa kumi. Miaka kumi na sita nalala na jokofu bovu pembeni, nasikia linazimika, nasubiri liwake. Sikiliza. Kila kitu kwenye ule mpango ni cha mtu. Kindi ni wa Tucker. Treni ni za Maren. Nimemtafutia Mjomba viti vya kivulini bustani nzima, unajua ilinichukua muda gani? Hiki chumba nimekiandika tangu Oktoba. Hiki ni changu."

"Sawa," alisema Lyle. "Na changu kipi?"

Hapa wote wawili wananiambia kitu kile kile. Janelle alifikiri. Alisimama pale na mkono kwenye mnyororo, akaupitia mpango wote kichwani, maana anaujua kwa moyo, siku hadi siku, akatafuta rangi ya kijivu.

"Una gari," alisema mwishowe.

"Gari naliendesha!"

"Si unapenda kuendesha."

"Nani alikuambia napenda kuendesha?"

Mlango wa chumba cha pili ukafunguka, mzee akachungulia. Akaona mwanamume mzima mwenye masikio ya kindi anaufokea mlango. Akafunga.

Lyle hakufoka tena. Aliweka paji la uso kwenye fremu ya mlango akafumba macho, na Janelle akaona kwamba ameanza kulala, wima, pale koridoni, kama pale kanisani. Akatoa mnyororo.

Lakini kitanda hakumpa. Huyu ni mpwa wangu na namjua. Alikusanya mito yote ya kitanda cha pili, blanketi na mataulo, akavijaza kwenye hodhi la kuogea, akamwingiza mumewe humo kama anaosha mbwa, akamvua masikio, akafunga mlango wa bafu. Halafu akarudi kitandani kwake.

Sisi huku mvua ilitukuta. Kule mvua ya mchana huja na radi, na radi ikipiga wanafunga kila kitu chenye chuma, yaani kila kitu. Tulijibana chini ya uyoga wa plastiki pamoja na familia nyingine kama ishirini zenye fulana za kufanana. Tucker alikuwa amekunywa maji ya limau kutoka kwenye kikombe chenye umbo la pipa. Simu ya Lyle haikujibiwa. Ya Janelle haikujibiwa.

"Mama yuko Ngome," alisema Maren ghafla, akitazama ramani kwenye simu, ile inayoonyesha kila mtu wa familia kama nukta. "Yuko hotelini. Mjomba, ona. Na Baba yuko hapo hapo."

Tucker akaangalia zile nukta mbili, moja karibu kabisa na nyingine. "Wanaachana?"

"Hapana, mjinga wewe."

"Utajuaje?"

"Wanaoachana hawachukui chumba kimoja," alisema Maren. Lakini alishaita gari la kukodi kabla hajamaliza kusema, na njia nzima hakunichokoza hata mara moja. Baba mmoja wa mtaani kwetu aliondoka kwenye likizo kama hii, alikwenda kununua barafu na hakurudi, na watoto wanazo habari zote.

Tuligonga. Janelle alifungua na alama ya mto shavuni.

"Mmefuata nini huku?"

"Baba yuko wapi?" Maren aliuliza, na sauti yake haikuwa ya miaka kumi na mitano.

Janelle akaonyesha mlango wa bafu kwa kidole gumba. Hatukuhitaji maelezo. Sauti iliyokuwa inatoka mle nilishawahi kuisikia kwenye matishari, wakati nanga inavutwa, mnyororo pingili kwa pingili. Kisha kimya. Kisha pingili nyingine.

"Amelala kwenye hodhi?" Maren aliuliza. Mabega yake yalishuka, akageuka dirishani ili tusimwone uso.

"Mama," alisema Tucker, "nataka kukojoa."

"Subiri kidogo."

"Nilisubiri kwenye gari."

Alikuwa amepinda magoti na kujishika kwa mikono miwili. Janelle akaenda kwenye mlango wa bafu, akainua mkono kugonga. Nilimtazama. Huyu ni mwanamke aliyetenga nafasi ya kukojoa kila saa mbili kwa siku tano, na mtoto wake alikuwa amesimama hapo katikati ya nafasi yenyewe. Mkono ulikaa hewani. Ndani mnyororo ukavutwa, ukakwama, ukavutwa.

Akaushusha.

"Mjomba, mpeleke chini."

"Sitafika, Mama!"

"Utafika. Bana. Kimbieni."

Tukakimbia, mzee wa mguu mmoja mzima na mtoto wa pipa la limau. Lifti ilisimama kila ghorofa, na kila ghorofa waliingia watu wenye mabegi, wakimuuliza Tucker kama anafurahia likizo. Tulifika, au tuseme sehemu kubwa ya Tucker ilifika. Suruali nyingine nilimnunulia kwenye duka la hoteli, nyeusi, yenye mwali wa radi makalioni.

Tuliporudi, Janelle alikuwa amekaa chini kwenye zulia, mgongo ameuegemeza mlango wa bafu, miguu ameinyoosha. Mfanyakazi wa usafi alikuwa amesimama na mataulo mikononi.

"Nibadilishe ya bafuni?"

"Hapana, asante. Kuna mtu analala."

Yule mama akaangalia kitanda cha kwanza kilichovurugwa na cha pili kisicho na mto hata mmoja. Akatuangalia sisi, fulana za njano, zimelowa. Nadhani alishaona familia nyingi. Aliyaweka mataulo sakafuni bila kishindo akaondoka akitembea kwa ncha za vidole.

"Mama, gwaride la maharamia limepita," alinong'ona Maren. "Tumekosa na mtumbwi, na chakula cha jioni kwenye mti."

"Najua."

"Na saini yangu?" aliuliza Tucker.

"Barnaby mkono unamuuma leo. Punguza sauti."

Janelle alichukua simu akatazama zile rangi zote zinazopita bila sisi. Nilidhani ataanza kupanga upya. Aliigeuza kifudifudi kwenye zulia. Kitanda chake kilikuwa pale, hatua mbili, na hakurudi. Kila Tucker aliposogea kuelekea ule mlango alimzuia kwa mguu, na kila Maren alipocheka alimtolea jicho. Alikaa hapo kama anavyokaa mbele kabisa ya foleni, na hakuna ambaye angemruka.

Tulicheza karata kwa kunong'ona mpaka dirisha likawa jeusi. Kisha mlango ukafunguka nyuma yake, nusura aanguke kichalichali, na Lyle akasimama pale na taulo shingoni, uso umevimba kama wa mtoto mchanga.

"Nimelala sana?"

"Kidogo tu," alisema Janelle.

Alituangalia wote, sakafuni, na karata. Kwa mbali tulisikia mlio wa kwanza wa fataki za Barnaby, upande wa pili wa zile maili saba, na Tucker akaruka dirishani.

"Mwakani," Lyle alisema, sauti bado nzito, "nendeni tu nyinyi. Mniache nyumbani, mbwa wa jirani na yote. Sitaki kitu kingine."

Janelle alimtazama kwa huruma ya kweli, naapa ilikuwa ya kweli. Aliinuka, akamtoa uzi wa taulo shavuni.

"Halafu nani ataendesha gari?"

Lyle alituhesabu kichwani. Mama mkwe haendeshi. Mimi siaminiki. Akakaa ukingoni mwa kitanda akaanza kufunga kamba za viatu, kwa sababu fataki zilikuwa zimeshaanza na mtu alipaswa kutupeleka.